Mabinti Watano Mlangoni pa Hema

Masomo: Hesabu 27:1–11; Hesabu 36:1–12; Yoshua 17:3–6

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Maandiko yanawataja dada hawa wote watano kwa majina, mara tatu katika Hesabu na mara moja katika Yoshua. Tuwasome polepole juma hili, maana wengi wetu tunaingia vikaoni: mkutano wa idara, kamati ya mikopo ya sako (chama cha ushirika wa akiba na mikopo), chama cha Jumamosi, kamati ya ujenzi ya kanisa. Humo hupita maamuzi yanayomwonea mtu, nasi tukiwa tumekaa, tumenyamaza, tukauita ukimya wetu unyenyekevu.

Angalieni kwanza wakati waliokuja. Sura ya 26 ni hesabu ya watu: wanaume 601,730 wa miaka 20 na zaidi. Hesabu ilipokwisha, Mungu alisema nchi igawanywe kwa kufuata majina yale. Baba yao Selofehadi alikuwa amefia jangwani bila mwana wa kiume, kwa hiyo nyumba yake haikuwa na wa kuhesabiwa. Orodha ilikuwa imeshaandikwa, lakini ardhi ilikuwa bado haijagawanywa. Waliingia katika nafasi hiyo nyembamba. Wengi wetu ujasiri tunao. Tunachokosa ni kufika mapema. Tunasema barua zikishatoka, na hapo meneja hatetei tena uamuzi, anatetea heshima yake. Ukisikia ratiba au orodha ya kupandishwa vyeo inaandaliwa, huo ndio wakati.

Kisha mahali. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, Eleazari kuhani, wakuu na kusanyiko lote. Sisi husemea kwenye kibanda cha chai, ndani ya matatu ya kurudi Embakasi, na katika lile kundi la pili la WhatsApp ambalo mkubwa hayumo. Maneno yakawa moto huko na baridi kikaoni. Mwenye kuamua hakuyasikia, ila atasimuliwa, na atakayemsimulia ataongeza chumvi. Basi jambo lako mwandikie katibu siku chache kabla ya mkutano na uombe liwe kwenye ajenda. Usilisubirishe hadi "Mengineyo". Saa hiyo watu wameshafunga mikoba, wanafikiria foleni ya Thika Road, na utakachopata ni "tutaliangalia."

Sasa maneno yenyewe, aya ya 3 na ya 4. Wanaanza na ukweli usiopingika: baba yetu alikufa jangwani. Wanaliziba pingamizi kabla halijaulizwa: hakuwa katika mkutano wa Kora waliomwasi Bwana. Wanataja hasara: jina lake lifutwe katika jamaa yake kwa kuwa hakuwa na mwana? Wanamalizia kwa ombi moja lenye mipaka: tupeni milki kati ya ndugu za baba yetu. Hawakumwita Musa dhalimu, wala hawakusema "mambo hapa hayako sawa" na kuketi. Malalamiko yasiyo na ombi humpa mwenyekiti nafasi ya kuonyesha huruma bila kubadilisha kitu.

Tuchukue kiwanda cha Industrial Area chenye wafanyakazi 9 katika kitengo kimoja. Ungesema hivi: "Ratiba ya wiki 8 zilizopita ina zamu 16 za Jumapili. Zamu 12 zimefanywa na watu 3 walewale. Hawakuziomba, na rekodi zao za kazi hazina doa, kwa hiyo si adhabu. Kwa wastani kila mmoja wao amefanya zamu 4 za Jumapili, na siku hizo hakuabudu na familia yake. Tunaomba kuanzia ratiba ijayo zamu za Jumapili zizunguke kwa majina yote 9." Hapo hakuna aliyetukanwa, na kila neno linaweza kukaguliwa kwenye ratiba ukutani. Na hapa tujichunguze sisi wenyewe. Muumini anayemwomba msimamizi amwachie Jumapili zote aende ibadani lazima ajue ni nani atakayezibeba. Kutoka 23 inatukataza kuwafuata wengi katika kutenda uovu, na aya inayofuata inatukataza pia kumpendelea maskini katika daawa yake. Haki haimjui rafiki wala mshirika wa kanisa moja.

Dada hawa walijisemea wenyewe. Ukimsemea mwingine, mwombe ruhusa kwanza. Kibarua wa kutwa ambaye jina lake limetajwa kikaoni kwa nia njema anaweza kufika langoni alfajiri akakuta hayumo kwenye orodha ya siku hiyo. Kwa hiyo taja idadi na tarehe, jina liache. Na walikuwa watano: zungumza mapema na mwenzako mmoja aje kusema, "Naunga mkono, na iandikwe kwenye kumbukumbu." Pendekezo lisilo na wa kuliunga mkono huanguka hata likiwa la haki tupu.

Musa naye ana la kuwafundisha ninyi mnaoongoza vikao. Hakujibu papo hapo. Alilipeleka neno lao mbele za Bwana, na Bwana akasema mabinti hao wamenena haki. Mwenyekiti anayefungua mjadala kwa "mimi naona hivi" ameshaufunga. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za mapokeo ya Wayahudi, inaeleza kwamba katika kesi za kifo waamuzi walianza kusikiliza maoni kutoka pembeni, kwa wadogo, ili wasivutwe na mkubwa. Fanyeni vivyo hivyo: mgeni kazini aseme kwanza, mwenyekiti wa mwisho. Mkiwahoji waombaji kazi, kila mmoja aandike alama zake kabla ya yeyote kufungua kinywa. Mwenye ndugu kati ya waombaji atoke nje, na katibu aandike saa aliyotoka na saa aliyorudi. Katika sako sheria imeshaweka msingi huo: mwanachama mmoja, kura moja, hata awe na hisa nyingi kiasi gani.

Kuna mlango mwingine wa hema ambao wafanyakazi wengi hawaujui. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 41, inasema kabla ya mwajiri kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji hafifu au kushindwa kazi kwa sababu ya afya, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mtu huyo ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi amchaguaye mwenyewe. Mwajiri anatakiwa kumsikiliza pia huyo mwenzake. Siku utakapoombwa uandamane na mtu, usikubali kuwa kiti cha pili tu. Soma barua ya mashtaka usiku uliotangulia. Hakikisha inasema ni kosa gani, siku gani. Ikiwa barua imefika asubuhi na kikao ni saa nne, ombeni muda, kwa maandishi. Ndani, andika yanayosemwa, kisha useme unachokijua kwa macho yako, si zaidi. Kumwombea moyoni ni kwema sana, lakini hapo umepewa nafasi ya kunena, naye mwenzako anaihitaji sauti yako.

Vivyo hivyo wakati wa kupunguza wafanyakazi: kifungu cha 40 kinataka uteuzi uzingatie muda mtu aliotumikia, ujuzi, uwezo na uaminifu wake. Unaweza kuuliza kwa upole orodha ilipatikanaje. Na kifungu cha 46 hakimruhusu mwajiri kumfukuza mtu kwa sababu tu amelalamika, ila pale lalamiko lionekanapo la kizembe na lisilo na msingi. Ulinzi huo hauondoi uso uliokunjwa wala zamu mbaya za kukukomesha. Kwa hiyo safisha upande wako kwanza: fika kwa wakati, tunza nakala za barua ulizoandikiwa wewe, na usibebe nyaraka za siri za kampuni.

Tusiruke Hesabu 36. Wakuu wa jamaa ya Gileadi walikuja na pingamizi: mabinti wakiolewa na kabila lingine, ardhi itahama. Hawakunyamazishwa. Hoja yao ilipimwa, ikakubaliwa, na sharti likaongezwa: waolewe ndani ya kabila la baba yao. Urithi wao ulibaki palepale. Ombi lako likipita, atatokea mtu mwenye hoja ya kweli, labda mama anayeishi Kitengela ambaye Jumapili usiku hapati gari la kurudi. Msikilize, mbadilishiwe saa, mzunguko ubaki.

Halafu Musa akafa. Kiongozi mpya, nchi mpya, na ahadi haijatimizwa. Hapa ndipo mengi ya haki hupotea katika ofisi zetu: meneja amehamishwa, na kumbukumbu zinasema tu "jambo lilijadiliwa", bila nani afanye nini lini. Kabla ya kikao kufungwa, omba uamuzi usomwe kwa sauti pamoja na jina na tarehe. Mkutano unaofuata, kwenye "Yatokanayo", uliza. Mabinti walikwenda kwa Eleazari, Yoshua na wakuu, wakasema Bwana alimwamuru Musa atupe urithi kati ya ndugu zetu. Hawakuanza kesi upya, waliutaja uamuzi uliokwisha kutolewa.

Yoshua akawapa. Mbali na nchi ya Gileadi na Bashani, kabila lao la Manase liliangukiwa na sehemu kumi. Zihesabuni: Abiezeri, Heleki, Asrieli, Shekemu, Shemida, na katika nyumba ya Heferi, babu yao, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza.