Volti na ampea ukishazipata, ohm na wati zinakuja zenyewe

Mdogo wangu alinijia na daftari lake, uso umekunjamana, ananiambia kaka hii balbu imeandikwa wati 100 lakini mimi nikipiga hesabu napata wati 1392, kwani fomula imekosewa? Nikaangalia alivyofanya nikakuta hesabu iko safi kabisa. Alichukua balbu ile ya zamani yenye kiwaya ndani, akaiweka kwenye mita akasoma ohm 38 (ohm ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia umeme kupita), akagawanya volti 230 za umeme wa nyumbani kwa 38 akapata ampea 6.05, yaani wingi wa umeme unaopita, akazidisha na 230 apate wati. Hajakosea kugawanya wala kuzidisha, sasa tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba aliipima ikiwa imelala. Kile kiwaya cha tungsteni kikiwaka kinafika kama nyuzi 2500 za Selsiasi, na metali ikipata moto ukinzani wake unapanda, kwa balbu unapanda zaidi ya mara kumi. Nikamwambia tuiwashe, tupime volti na ampea inapofanya kazi, tukapata volti 230 na ampea 0.43. Haya gawanya, 230 kwa 0.43 ni kama ohm 535. Zidisha sasa, 230 mara 0.43 ni wati 98.9. Nilifurahi sana kuona anavyoitazama ile namba maana hapo ndo alielewa kwamba ohm unayoipata kwa kugawanya ni ya wakati ule ule uliopima, sio namba iliyochongwa kwenye kitu milele. Na ndo maana balbu hizi nyingi hufa pale pale unapobonyeza swichi, kwa sekunde ndogo sana kiwaya bado baridi kinavuta ampea nyingi kupita kawaida yake.

Hata Georg Ohm mwenyewe, yule mwanafizikia Mjerumani mwenye kanuni hii ya kugawanya volti kwa ampea, alihangaika na hili la vipimo kutotulia, betri za zama zake volteji ilikuwa inashuka katikati ya kazi, mpaka akahamia kwenye chanzo kinachotoa umeme kwa tofauti ya joto, upande mmoja maji yanayochemka upande wa pili barafu, ndipo namba zikatulia na kitabu chake chenye kanuni hiyo kikatoka 1827.

Sasa naomba mnisikilize vizuri kwenye kupima ampea. Usichukue mita ukaiweka kwenye ampea halafu ukachomeka zile waya zake mbili moja kwa moja kwenye soketi!! Ukinzani wa mita ikiwa kwenye ampea ni mdogo mno, tuseme ohm 0.1, gawanya 230 kwa 0.1 uone, ni ampea 2300, hiyo ni shoti na inaweza kukuunguza. Kwa umeme wa nyumbani mimi natumia ile mita ya kubana waya kwa nje, na unabana waya mmoja tu, ukibana yote miwili kwa pamoja itasoma sifuri kwa sababu umeme unaokwenda na unaorudi unafutana.

Kitu kingine ambacho watu wanakiruka ni volteji ikishuka. Chukua birika la umeme la wati 2000 kwa volti 230, linavuta ampea 8.7 hivi, na ukinzani wake ni kama ohm 26.5 (waya wa hita haubadiliki sana kama wa balbu, kwa hiyo tuuchukulie umetulia). Umeme ukishuka mpaka volti 200, wengi wanadhani wati zitapungua kidogo tu. Hapana, volti zikishuka na ampea zinashuka nazo, kwa hiyo unapigwa mara mbili, 200 gawanya kwa 26.5 ni kama ampea 7.55, zidisha na 200 unabaki na wati kama 1510. Volti zimepungua asilimia 13, wati zimepungua karibu robo nzima, ndo maana maji yanachelewa kuchemka.

Na ile plagi inayopata moto mpaka inabadilika rangi? Hesabu ni ile ile. Kama mguu wa plagi umelegea kwenye soketi na pale penye kugusana pana ohm 0.2 tu, ampea 8.7 zikipita unapoteza volti 1.74, zidisha na 8.7 unapata wati 15 zote zimekusanyika kwenye sehemu ndogo kama ncha ya kidole, lazima plastiki ilainike. Ukichomeka kitu cha ampea 4.35, yaani nusu, joto haliwi nusu, linakuwa robo, kama wati 3.8. Kwa hiyo plagi ikiwa ya moto ukiigusa, chomoa, acha ipoe, halafu badilisha soketi kabla hujarudisha birika.

Motori na friji sijazigusa makusudi, kule volti mara ampea haikupi wati halisi moja kwa moja, na mdogo wangu ameshaanza kuniuliza.