Nilivyoutuliza ulimi wangu soko la Mwanjelwa

Ninauza mchele Mwanjelwa, hapa Mbeya, na anayelijua soko hili anajua maneno yanavyotembea meza hadi meza. Mawaidha ya kusengenya nimeyasikia tangu madrasa. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat, inayouliza kama kuna anayependa kula nyama ya ndugu yake aliyekufa, naijua kwa moyo. Kilichonisaidia kuiishi ni kuchunguza umbea wa sokoni unaanzia wapi.

Unaanzia kwa mteja. Mama wa mgahawa anapita mbele yako bila kusimama, anaenda meza ya jirani, anapimiwa kilo hamsini. Moyo unachoma, na kabla hajapanda bajaji maneno yameshafika mdomoni: mchele ule una mawe, mizani ile haiaminiki, na mume wake yule hivi na vile. Hapo ulimi ni mjumbe tu, aliyeutuma ni choyo. Nikaona nianze na mtumaji.

Mtume (rehema na amani zimshukie) alisema mwanadamu akiwa na mabonde mawili ya mali atatamani la tatu, na tumbo lake halijazwi ila na udongo. Wameipokea Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi. Basi kila mteja anapoelekea kwa jirani, namwombea jirani huyo baraka, kwa sauti ya chini na kwa jina lake. Mwanzoni ni maneno makavu, moyo haumo kabisa. Niliendelea hivyo hivyo. Mtu uliyemwombea asubuhi, kumteta mchana kunakuwa kuzito, jamani.

Kisha mchele wenyewe. Wa Kyela unatafutwa kwa harufu yake, na kishawishi cha kuuchanganya na mwingine kipo kila siku. Mtume alipita kwenye rundo la nafaka sokoni, akaingiza mkono, vidole vikatoka na majimaji. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa watu waione, akamwambia, "Anayeghushi si katika mimi." Kwangu gunia la Kyela na la Mbarali hayakai pamoja, na mteja anaruhusiwa kuchota mwenyewe mpaka chini ya beseni, chenga azione kwa macho yake. Nikishakuwa na amani na mchele wangu, sina haja ya kuuponda wa mwenzangu.

Majirani zangu wengi ni Wakristo. Siwahubirii, ila sioni kwamba tofauti ya dini inanipa ruhusa ya kuwasema. Maneno yakianza, nauliza: "Mama, hivi Kyela wameshaanza kuvuna?" Mara nyingi mazungumzo yanageukia huko. Yasipogeuka nasema, "Mwenyewe hayupo, tumwache," nachukua ungo wangu nipepete.

Hata hivyo, kunyamaza kila mara si uchamungu. Fatima binti Qays, mwanamke wa zama za Mtume, alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm, alimwendea Mtume kutaka ushauri. Akaambiwa wazi: Muawiya hana mali, na Abu Jahm haitui fimbo begani, yaani hupiga wanawake. Mwenye haki ya kujua alielezwa kinachomhusu. Nilikumbuka hadithi hiyo siku dada mmoja mgeni sokoni aliponiuliza kuhusu mtu aliyetaka kuchukua magunia yake kwa mkopo. Nikamjibu, "Mdogo wangu, kwangu alichukua, na mpaka leo hajalipa." Nikaishia hapo. Ya nyumbani kwa mtu huyo niliyajua pia, tena mengi, lakini hayakuhusiana na magunia.

Kwa sasa kazi kubwa iko kwenye simu. Mtu anarekodi sauti ya dakika tatu kumsema mwenzake, na kuisambaza ni kugusa kidole tu. Kuhamisha maneno ya watu ili wagombane ndiyo namima, na Bukhari na Muslim wamepokea kwamba mfitini haingii Peponi. Sauti za namna hiyo nazifuta bila kuzimaliza, na aliyetuma akiniuliza nimeionaje, namwambia nimeifuta. Kundi moja la WhatsApp la soko nimejitoa. Nimebaki kwenye lile la bei na magari ya mizigo.