Vikao vyangu chini ya mparachichi

Kwa miezi minne niliamini naumwa moyo. Nikiingia darasani mapigo yanakwenda mbio, viganja vinatoka jasho hata kwenye baridi ya Julai hapa Njombe. Usiku nazinduka saa tisa na sirudi kulala. Zahanati walinipima malaria, taifodi na presha. Vyote safi. Nikarudi nyumbani na panadol.

Mwalimu mwenzangu alinishauri niende hospitali, kitengo cha afya ya akili. Sikwenda. Mji wetu mdogo, ukikaa kwenye benchi lile lazima mzazi wa mwanafunzi akuone, na kwa watu wengi ugonjwa wa akili bado maana yake ni Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Ndipo nikamtafuta mwanasaikolojia wa kuzungumza naye kwa simu. Niliyempata ni dada mmoja, yuko Dar es Salaam. Kabla ya kulipa nilimuuliza amesomea nini, na atanisaidiaje mambo yakinizidia akiwa mbali.

Alinitumia madodoso mawili. La sonona lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3. Nilipata 17 kati ya 27. La wasiwasi lina maswali 7. Nilipata 14 kati ya 21. Swali la tisa kwenye lile la kwanza linauliza kama umekuwa ukiwaza kwamba afadhali ufe. Niliweka 1. Dada yule hakulipita. Aliniuliza waziwazi nawaza nini, ninaishi mtaa gani, na nani anaweza kunifikia hata usiku wa manane. Nikampa namba ya kaka yangu, kwa hiyo ikabidi kaka naye aambiwe. Nashukuru mpaka leo.

Shida ikawa mahali pa kuzungumzia. Chumba nilichopanga hakina dari, ukikohoa jirani anakupa pole. Kikao cha kwanza nilinong'ona dakika 50 nzima na sikusema lolote la maana. Cha pili nikaenda shambani kwa mama mwenye nyumba, saa kumi na moja jioni, nikakaa chini ya mparachichi. Mtandao ulikuwa dhaifu, picha ikawa inaganda, tukazima kamera tukabaki na sauti. Hapo ndipo nililia. Bila kuangaliwa usoni niliweza kusema habari za kifo cha mama, ambazo nilikuwa sijamwambia mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya daftari. Kila saa naandika nimefanya nini na moyo uko wapi, 0 hadi 10. Jumamosi ya kulala kutwa ilikuwa 2. Ile niliyofua na kwenda sokoni ilikuwa 5. Mimi nilikuwa nasubiri nijisikie vizuri ndipo niinuke. Yeye akasema, "Mwalimu, inuka kwanza, hata kwa dakika kumi." Kwa hofu ya darasani tuliandika wazo lenyewe: nitaanguka mbele ya wanafunzi. Miaka 11 ya kufundisha, nimeanguka mara ngapi? Hata moja. Akaniomba nisitoke nje mapigo yakianza, nibaki mpaka yatulie yenyewe. Mara ya kwanza nilishika ubao kwa mikono miwili. Yalitulia.

Usingizi ulikataa kurudi. Wiki ya tano akaniambia kuandika dawa si kazi yake, akanipa barua ya kupeleka hospitali, nipimwe pia damu na tezi ya shingo. Basi nikakaa kwenye benchi lile lile nililolikimbia. Mzazi wa kidato cha pili alikuwepo.

"Mwalimu, na wewe?"

"Na mimi."

Akasogea nikae.

Vipimo vilikuwa sawa. Daktari alinianzishia fluoxetine, dawa ya sonona, akanionya kwamba inachukua wiki kadhaa kufanya kazi na nisiiache ghafla. Vikao viliendelea. Mwezi uliopita nilijaza upya dodoso la sonona, nikapata 6. Swali la tisa niliweka 0.