Tembo wenu

Nimerudi Mang'ula, kando ya hifadhi ya Udzungwa, mwezi wa tano, mpunga unaiva, baada ya miaka mitano ya masomo ya uzamivu juu ya tembo huko Trondheim, Norwei. Salamu hazijaisha, mjomba akaniambia: "Mjomba, tembo wenu walipita juzi."

Wenu! Nilipoondoka walikuwa tembo tu.

Asubuhi tukaenda shambani. Nyayo zilikuwa zimejaa maji, viluwiluwi wakiogelea ndani. Nikazungusha kamba ya katani kwenye unyayo mmoja wa mbele: mita 1.4. Zidisha kwa mbili, unapata kimo chake hadi begani. "Dume, mita 2.8 hivi," nikasema, na nakiri nilijisikia. Mjomba akautazama mpunga uliolala. "Na gunia ngapi?"

Kule ng'ambo usiku kama ule ulikuwa nukta nyekundu kwenye kompyuta. Kola ya shingoni inatuma mahali alipo mnyama, mimi naunganisha nukta: anatoka msitu wa Udzungwa jua likizama, anarudi kabla hapajakucha. Kwenye tasnifu nimeandika kurasa na kurasa juu ya ushoroba, njia ya tembo ya kwenda hifadhi ya Nyerere, ambao kwa miaka mingi ulikaliwa na mpunga, miwa, reli na barabara. Viluwiluwi sikuwaandika.

Kifuta jasho, ile pesa ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama? Kanuni za 2011 hazikuhesabu shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi. Nilipima kwa simu, la mjomba liko mita 380. Alikuwa anajua, ila aliniacha nipime.

Jioni akaniuliza Wanorwei wanaishije na wanyama wao. Nikamweleza habari za elg, mnyama mkubwa kama pofu wa mbugani, pembe pana kama ungo, anayekula miche ya misitu yao. Kila mwaka wanawinda maelfu kwa maelfu, na haki ya kuwinda ni ya mwenye ardhi.

"Kwa hiyo akila chako, unamla."

"Kwa kibali."

Akacheka mpaka akakohoa.

Usiku tukapanda dunguni. Kwenye kamba za ua alikuwa amefunga matambara yaliyolowekwa pilipili na oili chafu. Yanasaidia, ila mvua ikinyesha unapaka upya, na oili inanunuliwa. Saa nane nikasikia mabua yakivunjika, taratibu, kama mtu asiye na haraka. Mjomba akanipa debe na rungu.

"Haya, Daktari. Waite kwa majina."

Mimi nawajua kwa namba. Nikapiga debe.