Mwanamke wa Karatasi Uani Shangani

Sanamu ile niliiunda uani kwetu Shangani, Mtwara, mwaka 2009, baada ya kuona picha za Nana, zile sanamu za wanawake wanene wenye rangi kali ambao Niki de Saint Phalle, msanii Mfaransa na Mmarekani, alianza kuwatengeneza katikati ya miaka ya 1960. Yeye alianza kwa waya, nyuzi za sufu na karatasi, kisha akahamia poliesta, aina ya plastiki ambayo mvuke wake ulimdhuru mapafu. Mimi nilikuwa na waya wa kuku, magazeti ya zamani na uji wa muhogo, ambao kosa lake ni kupendwa na panya. Mwanamke wangu nilimpa makalio mapana, tumbo la mimba na mguu mmoja ulioinuka kama wa mtu anayeingia ngomani, nikampaka rangi ya waridi, manjano na buluu.

Majirani walikwisha kuniuliza kama nina akili timamu, hivyo nilitazamia kwamba bibi yangu, aliyeshuka kutoka Newala kutibiwa macho, naye angeshtuka. Alimpapasa tumbo, akacheka. Alisema tumbo hilo alilijua tangu usichana wake, kwani wanaume wa Kimakonde walichonga kinyago cha kiwiliwili chenye matiti, mimba na nembo, yaani chale za mwilini, mchezaji akakivaa kifuani na kucheza kama mwenye uchungu wa kuzaa.

“Waliicheza mimba yetu bila kuibeba,” alisema. “Wewe angalau ni mwanamke.”

Kilichomkera ni uso. Nana wengi wana kichwa kidogo kisicho na sura, nami nilikuwa nimeufuata mtindo huo. Kwa bibi, aliyekulia mahali ambapo mtoto huhesabiwa kwa ukoo wa mama yake, mwanamke asiye na sura wala nembo alikuwa hana kwao. Alikishika kidole changu, akakipitisha juu ya chale za mashavu yake, mstari kwa mstari, mpaka nikaweza kuzichora. Kisha akadai ndonya, lile pambo la mdomoni la wanawake wa Kimakonde. Hapo nilisita, maana mjini nilishawasikia watu wakiwacheka wazee kwa ajili yake, lakini yeye aliagiza kizibo cha soda, akataka kipakwe rangi nyekundu na kubandikwa kwenye mdomo wa juu.

Nilipomaliza, alimkagua tena kwa vidole, akaniamuru niipunguze pua, kwa kuwa ilikuwa ya ukoo wa babu.