Siku moja maishani mwangu: kutunza seli mpaka zizeeke

Saa 12:40 asubuhi, Januari, niko ndani ya treni ya Metro ya Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, na nje bado giza totoro. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, mzaliwa wa Tanga. Kazi yangu ni kukuza seli za binadamu kwenye chupa mpaka zizeeke, kisha kupima maikro-RNA, vipande vidogo vinavyozima maagizo ya jeni, zilizomo ndani yake. Nikisema hivyo watu huuliza kama natengeneza dawa ya ujana. Sitengenezi, na ndiyo maana naandika.

Saa 1:15 niko kwenye hadubini, kabla hata ya chai. Seli zetu zinaitwa MRC-5. Zilitokana na pafu la kijusi na zimekuwa zikikuzwa tangu mwaka 1966. Zikiwa changa ni nyembamba, zimelala upande mmoja kama dagaa kwenye ungo. Zikichakaa hutandaa kama chapati. Hugawanyika mara 40 na ushei, halafu basi. Leonard Hayflick na Paul Moorhead walilionyesha jambo hili mwaka 1961, wakati wataalamu wengi waliamini kuwa seli ikilishwa vizuri kwenye chupa itagawanyika milele. Seli iliyogoma kugawanyika haijafa, ila hula, hukaa, na humwaga kemikali zinazochochea uvimbe kama wa jeraha kwa majirani zake. Hizi za leo nimezilea tangu Septemba, Krismasi ikiwemo, kwa sababu seli hazina sikukuu.

Kulisha chupa, kufuta kabati kwa spiriti na kuandika daftari kunanifikisha saa 3:30. Nahesabu seli zilizogeuka bluu kwenye rangi niliyoweka jana jioni (ndiyo alama ya uzee tunayotumia), 300 kwa kila kisahani, shingo imekakamaa.

Saa 4:30 naanza kutoa RNA kwenye mirija 24. Hapa lazima nieleze kidogo. Jeni ikitaka protini itengenezwe, hutuma nakala ya agizo, yaani RNA mjumbe. Maikro-RNA ni kipande kifupi, herufi 22 hivi, kinachojishikiza kwenye mkia wa mjumbe huyo na kumzuia asisomwe, au kumfanya akatwekatwe. Tunayoifuatilia ni miR-34a. DNA ikiharibika, protini ya p53 huiwasha, nayo huzima maagizo yanayoiruhusu seli kugawanyika, pamoja na agizo la SIRT1, protini inayosaidia seli kuhimili misukosuko.

Kwenye meza ni glovu juu ya glovu, maana ngozi yetu ina vimeng'enya vinavyokula RNA. Fenoli, kloroformu, tikisa sekunde 15, zungusha kwenye baridi dakika 15. Mrija unatoka na tabaka tatu: waridi chini, utando mweupe katikati, maji safi juu. RNA iko kwenye yale maji ya juu. Nayavuta kwa pipeti bila kugusa ule utando, mrija mmoja baada ya mwingine, pumzi nimeibana. Kisha etanoli nyingi kuliko kawaida, la sivyo vipande vifupi hupita kwenye kichujio na kwenda na maji machafu, na hivyo ndivyo ninavyovihitaji.

Saa 6:30 mashine inazunguka, nampigia bibi. Kwao ni saa 9:30 alasiri.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Ile dawa ya magoti vipi?"

Namwambia bado, na simdanganyi. miR-34a hiyohiyo inayosimamisha seli ndiyo inayozuia saratani, kwa hiyo huwezi kuizima ovyo. Wala kuiongeza si mchezo: mwaka 2016 jaribio la kuwapa wagonjwa wa saratani nakala yake lilisimamishwa kwa sababu ya madhara makali ya kinga ya mwili. "Basi msiharakishe," anasema bibi. "Nitasubiri."

Saa 9 sahani yenye visima 96 inaingia kwenye mashine ya PCR, inayonakili vipande mzunguko baada ya mzunguko mpaka vionekane kama mistari inayopanda kwenye skrini. Visima vitatu vina maji matupu. Hivyo havitakiwi kuonyesha kitu.

Vimeonyesha. Mzunguko wa 33, mstari wa maji ukainuka, kisha wa pili, kisha wa tatu. Nikakaa kimya nikitazama skrini. Maana yake mahali fulani kuna uchafu, na namba zote za sahani ile haziaminiki, hata zile nzuri. Nilitafuta chanzo kwa zaidi ya saa moja. Mwishowe mwenzetu mmoja akakiri aliazima pipeti yangu juzi, akaitumia kwenye meza tunayofungulia mirija yenye nakala zilizotoka kwenye PCR, akairudisha bila kusema. Pipeti ina jina langu kwa wino mwekundu! Nilikasirika, na bado nimekasirika. Tone lisiloonekana kwa macho limekula mchana wangu mzima.

Nikamwaga maji yote ya zamani, nikafuta kila kitu kwa dawa ya klorini, nikafungua chupa mpya. RNA yenyewe ilikuwa salama. Nikarudia hatua ya kuinakili kuwa DNA, ambayo hutumia kianzio (kipande kinachoanzisha unakili) chenye kitanzi kwa sababu herufi 22 ni chache mno kwa kianzio cha kawaida. Zaidi ya saa nzima hiyo. Halafu visima 96 tena, kwa mkono, kidole gumba kinauma. Wengine waliaga, taa za korido zikajizima. Sikumbuki nilikula saa ngapi; nilikula ndizi.

Usiku mashine ikamaliza. Maji: bapa, mizunguko yote 40. Mistari ya seli kongwe imetangulia ile ya seli changa, na kwa kuwa kila mzunguko ni maradufu, kutangulia mizunguko miwili ni kuwa na miR-34a mara nne. Nimeangalia visima vitatu vya kila sampuli, vinakubaliana.

Nimeiweka RNA iliyobaki kwenye friza la nyuzi 80 chini ya sifuri, nimeifungia pipeti yangu kwenye droo. Chupa mbili zinataka kulishwa kesho saa 1:15.