Mtoke Ulaya mkakae Pangani?

Mama alikuwa anachambua mchele barazani kwake Makorora, Tanga, ungo magotini, nilipomwambia tunahamia Pangani, mji mdogo wa pwani kusini ya Tanga. Hakuinua uso. Alitoa vijiwe viwili, akavirusha nje, ndipo akasema: "Mtoke Ulaya mkakae Pangani?"

Swali hilo nimeshalisikia kwa mashangazi, kwa mashoga zangu wa shule, kwa dereva wa bajaji wa stendi, na kwa jamaa mmoja wa Leicester, kule Uingereza tulikokuwa tukiishi, ambaye Pangani yenyewe hajui iko upande gani wa nchi. Wengi mlioko huko nje mnaniuliza tulichaguaje. Basi naandika mara moja, nisirudie kila siku kwa simu.

Niliondoka Tanga mwaka 2010 na begi moja na koti la kuazima. Nimerudi 2024 na mume, watoto wawili na maboksi ambayo mpaka leo mengine hatujayafungua. Mume wangu ni Mchaga wa Marangu, tulikutana hukohuko kwenye kazi ya kulea wazee. Binti ana miaka 12, mdogo wake 7. Huyu mdogo ana pumu, na katika habari hii pumu yake imeamua mengi kuliko baba yake na mimi tukichanganywa.

Dar tulijua hatukai. Tulitaka mji mdogo, wenye kitu cha kutazama ukifungua dirisha, ambao mtoto anatumwa dukani na anarudi. Tukaanza kuzunguka.

Bagamoyo tulikaa siku nne. Ni mji mzuri, sisemi uongo: misheni ya tangu 1868, magofu ya Kaole, na jioni ukipita karibu na TaSUBa, chuo cha sanaa, unasikia wanafunzi wanapiga ngoma mpaka miguu yako inaanza kujibu. Lakini iko kilomita 70 hivi kutoka Dar, na hiyo ndiyo sifa yake na ndiyo ila yake. Mwenye pesa zake Dar anataka kiwanja Bagamoyo. Kila tuliyezungumza naye alikuwa dalali, au shemeji yake dalali.

Lushoto ilikuwa ndoto ya mume wangu. Mtu wa mlimani huyo, akiona mgomba kwenye mteremko anahisi amefika kwao. Tukapanda kutoka Mombo, kilomita 33 za kona juu ya kona, mtoto akatapika mara mbili kabla hatujafika Soni. Tulisimama pale Irente tukatazama tambarare chini mpaka macho yakachoka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kukubali. Ilikuwa Julai, lakini, na Julai ya Lushoto si mchezo: ukungu mpaka saa nne asubuhi, shuka mbichi, maji ya kunawa yanauma vidole. Usiku wa pili nikasikia filimbi kifuani kwa mtoto. Usiku wa tatu baba yake hakulala. Asubuhi yeye ndiye aliyesema tushuke. Sijamkumbusha tangu siku hiyo.

Ikabaki Tanga yenyewe, na hapa ndipo mama alipokuwa amekaa anatusubiri.

Kwa akili ya kawaida jibu lilikuwa Tanga. Hospitali ya rufaa ya Bombo iko pale, shule za kila namna zipo, na mji ni tambarare, mtoto anajifunza baiskeli kwa wiki moja. Tuliishi kwa mama miezi minane, na sikuona baya. Jioni tunakwenda Raskazone kupunga upepo, Coastal Union wakicheza Mkwakwani mume wangu haonekani nyumbani. Sasa kwa nini tusitulie?

Sababu moja ni pesa. Bandari imepanuliwa, kuna bomba la mafuta linalotoka Hoima kuja Chongoleani, kilomita 1,443 za bomba, na watu wake wanahitaji pa kulala. Nyumba niliyoambiwa bei moja Januari, Machi niliambiwa nyingine. Sababu ya pili naisema kwa aibu kidogo. Pale Makorora mimi ni "yule mtoto aliyetoka Ulaya". Hapiti mtu asubuhi bila shida mkononi: ada, bati, mtaji wa kukaanga mihogo, nauli ya kwenda msibani. Wengine wana shida ya kweli, na hao nilikuwa natoa. Lakini nilianza kuchungulia dirishani kabla ya kufungua mlango, na siku niliyojikuta nimejificha chumbani kwangu, jikoni mama ananikana kwa mgeni, nikajua hapa hatutakaa kwa amani. Tanga wenyewe husema waja leo waondoka leo. Mimi nilikuwa nimekuja leo, na kila mtu alitaka kunisindikiza.

Pangani nilikuwa naijua kwa safari moja ya utotoni. Baba alinichukua kwenda kuzika, basi likapita Kigombe na vumbi lake jekundu, tukafika tumepakwa kama wachimba kisima. Kutoka Tanga ni kilomita 50 tu, lakini siku ile zilikula nusu ya siku. Sasa barabara ya lami inashika njia hiyohiyo kuelekea Saadani na Bagamoyo, na juu ya mto linajengwa daraja la mita 525. Likikamilika, pantoni ya kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, itakuwa hadithi. Mimi nitaililia kidogo. Hakuna jambo linalomtuliza mwanangu kama kusimama ukingoni kuhesabu baiskeli, mbuzi na malori yanavyoingia kwenye pantoni, na kubishana nani atabaki.

Mji wenyewe ni mdogo mno. Mto mpana wa rangi ya chai ya maziwa unaingia baharini, ng'ambo kilima cha Bweni na minazi, huku ng'ambo yetu nyumba za zamani zenye milango ya nakshi, nyingine zimeanguka mpaka mpapai umeota sebuleni. Hapa ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri, Desemba 1889, baada ya kuwatoa jasho pwani nzima. Watoto niliwaambia habari hiyo tukipita karibu na boma, na binti akauliza kwa nini shuleni kwao Leicester hakuwahi kumsikia. Nikamwambia hata mimi nilimsikia kwa babu kwanza, shule ikafuata.

Lakini picha nzuri hata Lushoto tulipiga. Safari hii mume wangu akaweka sharti, na nampa haki yake kwa hilo: tukapange kwanza miezi mitatu, tena ya masika, Aprili mpaka Juni. Mji ukitushinda kwa mvua, hatujapoteza ila kodi. (Mwenye nyumba alitaka ya miezi sita, na dalali mwezi wake mmoja juu. Tulilipa. Hapo hamna ujanja.)

Mvua ilianza wiki ya kwanza na sisi bado tunatafuta sufuria kwenye maboksi. Nguo hazikauki, viatu vikaota ukungu wa kijani, mbu wanaingia na mgeni wanatoka na mwenyeji. Siku ya pili nikampikia mume wangu chai, akaionja, akanitazama. "Umetia chumvi?" Sikuwa nimetia. Yalikuwa maji ya kisima cha uani. Bahari hupanda mtoni maji yakijaa, na visima vya karibu na ukingo vingi vimeshaonja. Jirani akacheka: kumbe maji ya kisima kile ni ya kuoshea vyombo na kufulia, ya chai yanachotwa bombani yakitoka na kuwekwa kwenye ndoo zenye vifuniko. Mwenye nyumba hakutuambia, na hatukujua kuuliza. Mwenye kutafuta nyumba huku, kabla hujauliza kodi, omba glasi ya maji.

Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika. Mume wangu hufanya hesabu za kampuni moja ya Uingereza kwa intaneti, na kwa kuwa sisi tuko mbele kwa saa mbili au tatu kutegemea majira yao, kazi yake huanza mchana na kuishia usiku. Tukanunua betri na sola ndogo ya kuendesha kompyuta na taa moja. Ikatosha.

Nusura tuharibu mambo kwa kiwanja. Dalali mmoja alinipeleka kaskazini ya mji, ufukweni kabisa, minazi miwili imesimama kama mlango, upepo wa kusi unapuliza. Nilishaanza kuiona baraza yangu. Pembeni alikuwepo mzee anashona jarife, wavu wake wa kuvulia. Nikamwamkia, akaitikia, akatutazama tunavyopima kwa miguu. Dalali alipoenda kupokea simu, mzee akaniita.

"Mwanangu, umekuja na maji mafu wewe. Rudi na bamvua."

Nikarudi mwezi mpevu, bahari inapojaa kupita kawaida, jioni. Maji yalikuwa yamefika kwenye mizizi ya minazi, na mmoja niligundua ulikuwa umeinama, ile siku nilidhani ni mapozi tu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Nilipima kwa hatua, hazikufika 40. Pale mjini kumejengwa ukuta wa mawe kwa kuwa bahari inakula nchi, na mimi nilikuwa nautazama kila siku bila kujiuliza umewekwa kwa nini. Nilipomuuliza dalali kuhusu hati akasema iko kwenye mchakato. Neno hilo mkilisikia, vueni viatu mkimbie.

Kwa wanaouliza: mimi pasi ya Tanzania sikuiacha, ndiyo maana ardhi itaandikwa kwa jina langu. Mume wangu alichukua ya Uingereza, na kwa mtu mzima nchi yetu haina uraia pacha. Watoto wanaruhusiwa kuwa na zote mbili mpaka wafike miaka 18. Haya yapangeni mkiwa bado huko.

Sasa usiku wa pumu. Ilikuwa Mei, mvua ya radi, umeme hakuna, saa nane. Dawa ya kuvuta nimempa, haishiki. Mtoto amekaa kitandani mabega yamepanda masikioni, ngozi ya shingo inaingia ndani kila akivuta pumzi. Nimefanya kazi ya kuuguza miaka mingi, najua inamaanisha nini, na mikono ilinitetemeka kama ya mtu asiyejua. Gari hatukuwa nalo. Mume wangu akatoka na tochi barabarani, kimya kitupu. Akagonga kwa jirani, yule aliyecheka chai yetu. Mama yule hakuuliza neno. Alitoka na kanga moja kichwani na nyingine kiunoni, akavuka mtaa kwenye tope, akapiga dirisha la kijana wa bajaji kwa jina lake na kwa jina la mama yake, mpaka akaamka. Akapanda na sisi mpaka hospitali ya wilaya. Wakamvutisha dawa kwa mashine, wakamweka oksijeni, alfajiri akaomba uji. Asubuhi tukaenda naye Bombo kwa uhakika zaidi, chini ya saa moja njiani.

Njiani kurudi yule mama akaniuliza, "Wewe si wa Makorora? Mamako si yule aliyekuwa akiuza vitumbua karibu na msikiti?" Mimi niliyetoka Tanga kukimbia kujulikana. Nikasema ndiye. Akasema alikuwa akimkopesha.

Juni tulipokaa kuamua, tulichelewa tu kulisema. Mdogo anasoma shule ya msingi hapahapa, kwa Kiswahili, wenzake wanamwita Mzungu na weusi wake ule kama wangu. Amerudi siku moja analia, siku ya pili amerudi na pweza mdogo kwenye mfuko wa daftari. Binti shule yake iko Tanga. Jumatatu hadi Ijumaa analala kwa bibi yake Makorora, Ijumaa jioni anapanda basi anakuja. Hiyo ilikuwa bei ya mama kukubali, na nashuku aliipanga tangu siku ya mchele.

Mabaya yapo. Fundi akisema kesho, andaa wiki. Kitabu cha kusoma binti yangu anavizia mpaka apate Tanga. Jioni nyingine nalikumbuka basi la Leicester lililokuwa likifika saa iliyoandikwa, na ninakaa kimya mpaka hamu ipite. Maziwe bado hatujakwenda. Ni fungu la mchanga ambalo bahari ikijaa linazama lote, na mume wangu, mtu wa Marangu, anasema hawezi kupanda ngalawa kwenda mahali ambapo hapatakuwepo.

Wiki iliyopita mama amekuja kututazama kwa mara ya kwanza. Alishuka kwenye basi na mto wake wa kulalia, mbuzi yake ya kukunia, na kikapu kizito ambacho hakutaka kijana wa stendi akiguse. Nikamuuliza kuna nini.

"Nazi," akasema. "Kumi. Sijui za huku zikoje."

Juu yake ulikuwa umesimama mnazi, na nyuma ya mnazi mwingine, mpaka mtoni.